Laptopu Inachemka? Mwongozo wa Kupanga Joto na Upozaji Kwenye Kerneli ya Linux

"Laptopu inachemka tangu niweke Linux, nifanyeje?" "Feni haizunguki, tatizo ni kerneli?" "Kuna mtu kaniambia niandike thermal.nocrt=1, niandike?" Maswali haya matatu hayaishi, na wengi hujibiwa nusunusu halafu wakaachwa hewani. Nimeyakusanya hapa kwa mpangilio wa kufuata ukiwa mbele ya mashine, hatua kwa hatua.

Swali la tatu nalijibu sasa hivi: usiandike. Sababu utaikuta katika hatua ya 6.

Kabla hujagusa chochote, elewa kwamba kerneli, yaani sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vya mashine, haipozi kitu kwa mkono wake. Ina njia mbili tu: kuamuru feni izunguke, pale fimwea (programu iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya ubao mama) inapoiruhusu, na kupunguza kasi ya prosesa ili joto lizalishwe kidogo. Kama matundu ya hewa yamezibwa na vumbi, au pesti iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea imekauka, hakuna chaguo la kerneli litakalokuokoa. ThinkPad, Latitude na EliteBook za mtumba hutufikia zikiwa zimeshatumika ofisini miaka kadhaa, halafu tunaziwashia Dar au Mombasa mwezi Februari, chumbani kusiko na kiyoyozi. Fungua mfuniko wa chini, piga vumbi, badilisha pesti, kisha urudi hapa. Nusu ya wasomaji wataishia hapo, na si vibaya.

## Unachohitaji

- Mashine yenye Linux. Mifano yangu ni ya Debian 12 yenye kerneli 6.1. Ubuntu na Mint hazitofautiani sana, na palipo na tofauti nitasema.
- Akaunti yenye haki za sudo.
- Vifurushi viwili vya kupimia: `sudo apt install lm-sensors stress-ng`
- Ukifika kwenye kujenga kerneli: nafasi ya GB 25 hivi kwenye diski, chaja iliyochomekwa, na nakala ya faili zako mahali pengine.
- Daftari au faili ya kuandikia vipimo. Watu hulidharau hili, halafu baada ya saa mbili hawajui kama mambo yamekuwa mazuri au mabaya zaidi.

## Maneno manne

Nadharia yote unayohitaji ni hii. Kanda ya joto ni sehemu yenye sensa: prosesa, kadi ya Wi-Fi, ubao mama. Kizingiti ni nyuzi ambazo zikifikiwa kitu hutokea. Kipozaji ni chochote kinachoweza kupunguza joto, iwe feni au prosesa yenyewe ikijishusha kasi. Gavana ni kanuni ya ndani ya kerneli inayoamua kipozaji kipi kipandishwe, na kwa kiasi gani, kizingiti kikifikiwa.

## Hatua

### 1. Soma joto

Fungua terminali uandike:

```
for z in /sys/class/thermal/thermal_zone*; do
  echo "$(basename $z) $(cat $z/type) $(cat $z/temp)"
done
```

Utapata kitu kama hiki:

```
thermal_zone0 acpitz 27800
thermal_zone1 x86_pkg_temp 61000
thermal_zone2 iwlwifi_1 48000
```

Namba hizo ni nyuzi za Selsiasi zilizozidishwa kwa 1000. Kwa hiyo 61000 ni nyuzi 61.

Sasa itazame hiyo 27800. Kwenye mbao mama nyingi `acpitz` hubaki pale pale kwenye nyuzi 27.8 mchana na usiku, mashine ikiwa imelala au inaungua. Ni namba iliyoandikwa ndani ya fimwea, haipimi kitu. Ukiona kanda haisogei hata nyuzi moja kazi ikiwa nzito, isahau. Kwa Intel, inayosema kweli ni `x86_pkg_temp`. Kwa AMD tumia amri ya `sensors`, utafute mstari wa `k10temp`.

### 2. Angalia vizingiti na vipozaji

```
grep . /sys/class/thermal/thermal_zone*/trip_point_*
```

Kila kizingiti kina aina yake. `active` ni cha kuwasha feni. `passive` ni cha kupunguza kasi. `hot` ni onyo. `critical` ni mwisho wa safari: kikifikiwa, kerneli inaizima mashine.

Halafu vipozaji:

```
for c in /sys/class/thermal/cooling_device*; do
  echo "$(cat $c/type) $(cat $c/cur_state)/$(cat $c/max_state)"
done
```

`Processor 0/10` maana yake ana ngazi 10 za kupunguza kasi na sasa yuko kwenye sifuri, yaani hajazuiwa. `Fan 0/1` ni feni ya kuwaka na kuzima tu. Usipoona `Fan` kabisa usishtuke. Kwenye laptopu nyingi feni inaendeshwa na chipu nyingine ndani ya mashine, na kerneli haiulizwi.

### 3. Pima chini ya mzigo

Washa madirisha mawili ya terminali. La kwanza:

```
watch -n 2 sensors
```

La pili:

```
stress-ng --cpu 0 --timeout 5m
```

Sifuri hapo inamaanisha kazi igawiwe viini vyote vya prosesa. Andika joto la kuanzia, joto la juu kabisa, na joto la dakika tano baada ya kumaliza. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na `sensors` itakionyesha kama `crit = +100.0°C`. Kufika 85 ukiwa na mzigo wote si ajabu. Kukaa 95 na zaidi muda wote, au kubaki 75 wakati hakuna kinachoendelea, hapo kuna jambo.

Kwa Intel kuna ushahidi mwingine mzuri:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/cpu*/thermal_throttle/package_throttle_count
```

Hii ni hesabu ya mara ambazo prosesa imelazimika kujibana kwa sababu ya joto tangu mashine iwashwe. Ikiwa ni 0 baada ya jaribio, laptopu yako haichemki. Ina joto tu, na kuna tofauti.

Angalizo: kama mashine ina kawaida ya kuzima ghafla, hifadhi kazi zako kabla ya hatua hii, maana huenda ikazima tena. Ikizima, iwashe usome kumbukumbu za mara iliyopita:

```
journalctl -k -b -1 | grep -iE 'thermal|temperature|throttl'
```

Ukikuta maneno `critical temperature reached`, kerneli ndiyo iliyoizima, tena kwa haki. Kumbukumbu zikikatika katikati bila kauli yoyote, ama umeme ulikatika ama prosesa yenyewe ilijikata ili isiungue. Kwa hilo la mwisho kerneli haina usemi.

### 4. Kagua kerneli uliyonayo

Wengi hukimbilia kujenga kerneli mpya kwa ajili ya kitu ambacho tayari wanacho. Angalia kwanza:

```
grep -E 'THERMAL|CORETEMP|K10TEMP|ACPI_FAN|DRIVETEMP' /boot/config-$(uname -r)
```

`=y` maana yake kimo ndani ya kerneli. `=m` ni moduli inayoweza kupakiwa. `is not set` ni kwamba hakipo. Kama usambazaji wako hauweki faili hiyo ndani ya /boot, jaribu `zcat /proc/config.gz`.

Kwenye kerneli ya kawaida ya Debian au Ubuntu utakuta karibu kila kitu kipo. Ndiyo maana nasema hatua ya 5 na ya 6 zinatosha kwa watu wengi.

### 5. Pakia moduli zilizokosekana

Endesha `sudo sensors-detect` na ukubali majibu yanayopendekezwa kwa kubonyeza Enter tu. Usijifanye mjuaji ukaandika YES pale inapopendekeza no. Baadhi ya majaribio hayo hugusa vifaa ambavyo havipendi kuguswa.

Unaweza pia kupakia kwa mkono:

```
sudo modprobe coretemp
sudo modprobe k10temp
sudo modprobe drivetemp
```

Ya kwanza ni ya Intel, ya pili ni ya AMD, ya tatu inaleta joto la diski za SATA. Ikifanya kazi, ifanye ya kudumu kwa kuandika jina lake ndani ya `/etc/modules-load.d/joto.conf`, jina moja kwa kila mstari.

Mwenye Intel aongeze na `sudo apt install thermald`. Hii ni programu ya nje ya kerneli, lakini inatumia kanda na vipozaji hivi hivi, na inaanza kubana mapema kabla prosesa haijafika ukingoni.

### 6. Punguza joto bila kujenga chochote

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kote, kwa hiyo usipite haraka.

(a) Bana kasi ya juu. Chukua Core i5-8250U, prosesa utakayoikuta kwenye laptopu nyingi za mtumba. Kasi yake ya msingi ni GHz 1.6, na ikijikaza inafika GHz 3.4. Joto kubwa linatokea kwenye ule mkazo wa juu, na kwa kazi za ofisi wala huuhitaji. Kuna watu watakuambia uizime turbo, yaani huo mkazo, kabisa:

```
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Inapoza kweli, ila unabaki na GHz 1.6 na kivinjari kinaanza kujikokota. Mimi naona afadhali kuweka asilimia:

```
echo 70 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/max_perf_pct
```

Asilimia 70 ya 3.4 ni takriban GHz 2.4. Rudia jaribio la hatua ya 3 ulinganishe na ulichoandika. Ukiona bado ni moto shuka 60, ukiona imepoa panda polepole hadi upendezwe. Kwa AMD zinazotumia draiva ya `acpi-cpufreq`, kinachofanana na kuzima turbo ni kuandika 0 kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`.

Mabadiliko haya hupotea ukiwasha upya. Kuyadumisha, tengeneza `/etc/tmpfiles.d/joto.conf` yenye mstari huu:

```
w /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/max_perf_pct - - - - 70
```

(b) Badilisha gavana. Tazama aliyepo na wanaopatikana:

```
cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/policy
cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/available_policies
```

`step_wise` hupandisha kipozaji ngazi moja moja kwa kufuata mwelekeo wa joto, na ndiye anayefaa karibu kila mahali. `bang_bang` ni wa feni zisizo na kasi za kati: iwake, izime. `fair_share` hugawa mzigo wa kupoza kwa vipozaji vyote kwa uzito wao. `power_allocator` anahesabu bajeti ya umeme, na makazi yake hasa ni mbao za ARM, mfano Raspberry Pi. Ukimweka kwenye laptopu ya kawaida hana data za kufanyia kazi. `user_space` huachia programu ya nje iamue, na kama huna programu hiyo, hakuna anayeamua.

Kubadilisha:

```
echo step_wise | sudo tee /sys/class/thermal/thermal_zone0/policy
```

Angalizo: namba za kanda zinaweza kubadilika ukiwasha upya. Leo `acpitz` ni 0, kesho ni 2. Ukiandika skripti, tafuta kanda kwa `type` yake, si kwa namba.

(c) Shusha kizingiti cha kupunguza kasi. Mashine zinazotumia kanda za ACPI (njia ambayo fimwea huipa kerneli taarifa za vifaa) zinapokea vigezo wakati wa kuwaka. Cha kujaribu ni `thermal.psv`, kwa mfano `thermal.psv=80`, kinachoweka vizingiti vyote vya `passive` kwenye nyuzi 80. Kijaribu kwanza kwa muda: kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza kigezo, kisha Ctrl+X. Mashine ikishawaka, hakikisha:

```
cat /sys/module/thermal/parameters/psv
```

Ukiridhika, kiweke ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` kwenye `/etc/default/grub`, halafu `sudo update-grub`. Kisipoleta tofauti yoyote, fimwea yako haikuipa kerneli taarifa za kutosha. Rudi kwenye (a).

Sasa kuhusu ile `thermal.nocrt=1`, na ndugu zake `thermal.crt=-1` na `thermal.off=1`. Ya kwanza inaiambia kerneli isichukue hatua joto la hatari likifikiwa. Ya pili inafuta vizingiti vya hatari. Ya tatu inazima usimamizi wote wa joto wa ACPI. Husambazwa kama "dawa ya laptopu kujizima". Ni sawa na kuchomoa king'ora cha moto kwa sababu kinakunyima usingizi. Kuna hali moja tu ninayoikubali: sensa imethibitika kuwa mbovu, inasoma nyuzi 128 wakati mashine ina baridi kabisa, na umelithibitisha hilo kwa sensa nyingine. Hata hapo, fuatilia joto la prosesa kwa `sensors`.

### 7. Wenye ThinkPad tu

Ruhusu udhibiti wa feni:

```
echo "options thinkpad_acpi fan_control=1" | sudo tee /etc/modprobe.d/thinkpad.conf
```

Washa upya. Kisha:

```
echo level 7 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan
echo level auto | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan
```

Saba ndiyo ngazi ya juu ya kawaida. Ukimaliza jaribio irudishe `auto`. Usiiache kwenye `level 0` ukaondoka kwenda kunywa chai, maana hapo feni imesimama na haitaanza hadi uiambie.

### 8. Amua kama kweli unahitaji kujenga

Jenga kerneli yako ikiwa hatua ya 4 ilionyesha chaguo unalolihitaji halipo, au unatumia mfumo ambao kila mtu hujijengea mwenyewe kama Gentoo, au unaandaa ubao mdogo kwa kazi maalumu, au unataka kujifunza. Sababu ya mwisho ni nzuri kuliko zote. Kama hakuna hata moja inayokuhusu, umemaliza.

Angalizo kubwa: kujenga kerneli hutumia viini vyote vya prosesa kwa muda mrefu. Mashine inayojizima kwa joto itajizima katikati ya kazi hii. Bana kasi kwanza kama hatua ya 6(a), tumia `-j2` badala ya viini vyote, au jenga kwenye kompyuta nyingine.

Andaa vifaa na msimbo chanzo:

```
sudo apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev \
  libncurses-dev rsync kmod cpio dwarves debhelper linux-source
mkdir ~/kerneli && cd ~/kerneli
tar xf /usr/src/linux-source-6.1.tar.xz
cd linux-source-6.1
cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
```

Kuanza na usanidi wa kerneli inayofanya kazi ni lazima. Anayeanza na ukurasa mtupu hugundua baadaye kwamba alisahau draiva ya diski, na mashine haiwaki.

### 9. Chagua

```
make menuconfig
```

Ingia Device Drivers, halafu Thermal drivers. Ukibonyeza alama ya `/` unaweza kutafuta chaguo kwa jina lake. Haya ndiyo ya kushughulikia:

`THERMAL_HWMON` iwe y, ili kanda za joto zionekane pia kwenye `sensors`.

`THERMAL_GOV_STEP_WISE` iwe y na uiache kama gavana wa msingi. Ongeza `THERMAL_GOV_BANG_BANG` ikiwa una feni ya kuwaka na kuzima. Magavana wengine hawali nafasi ya maana, waache kama walivyo.

`THERMAL_STATISTICS` washa ukiwa unachunguza tatizo. Itakuonyesha kila kipozaji kimekaa muda gani katika kila ngazi.

`THERMAL_WRITABLE_TRIPS` inaruhusu kubadilisha vizingiti mashine ikiwa inafanya kazi. Ipo katika 6.1. Kwenye matoleo mapya imeondolewa, na draiva yenyewe ndiyo inaamua kizingiti kipi kiandikike, kwa hiyo usipoiona usiitafute.

`THERMAL_EMERGENCY_POWEROFF_DELAY_MS` inastahili maneno zaidi. Joto la hatari likifikiwa, kerneli huomba mfumo uzimwe kwa utaratibu. Je, programu moja ikiganda na kuzuia kuzima? Hapa unaweka muda, kwa milisekunde, ambao ukipita kerneli inaizima kwa nguvu. Kwa kawaida ni 0, maana yake hakuna kuzima kwa nguvu. Kwa seva inayokaa peke yake ofisini usiku, naiweka. Pima kwanza mashine yako huchukua muda gani kuzima kwa kawaida, uzidishe mara mbili. Inazima kwa sekunde 20? Weka 40000. Ukiweka 2000 utaikata kabla haijamaliza kuandika kwenye diski.

`CPU_THERMAL` na `DEVFREQ_THERMAL` ni kwa ajili ya mbao za ARM. Kwa Intel, ingia menyu ya ndani uhakikishe `X86_PKG_TEMP_THERMAL` na `INTEL_POWERCLAMP` ni m. Nje ya menyu hii, tafuta `ACPI_THERMAL`, `ACPI_FAN`, `SENSORS_CORETEMP` na `SENSORS_K10TEMP`. Zisiwe zimezimwa.

Hifadhi, utoke.

### 10. Jenga na usakinishe

```
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-joto"
scripts/config --disable DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT --enable DEBUG_INFO_NONE
make olddefconfig
make -j$(nproc) bindeb-pkg
```

Mstari wa pili unaondoa taarifa za uchunguzi ambazo hujaza diski bure. Jina la `-joto` litakusaidia kuitambua kerneli yako kwenye menyu. Ikimaliza:

```
sudo dpkg -i ../linux-image-*joto*.deb
```

Kerneli ya zamani usiiondoe. Ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani mpya ikigoma.

### 11. Hakikisha

Washa upya, kisha:

```
uname -r
sudo dmesg | grep -i thermal
```

Unatakiwa uone `-joto` mwishoni mwa jina, na mistari kama `Registered thermal governor 'step_wise'`. Rudia jaribio la hatua ya 3 kwa muda uleule, chumba kilekile, saa zilezile za siku. Kipimo cha saa nane mchana hakilinganishwi na cha saa tano usiku.

## Kwa wenye Raspberry Pi

Huhitaji kujenga kerneli. Feni ya kuwaka na kuzima iliyounganishwa kwenye GPIO 14 inawekwa kwa mstari mmoja ndani ya `/boot/firmware/config.txt`:

```
dtoverlay=gpio-fan,gpiopin=14,temp=60000
```

Usiunganishe feni moja kwa moja kwenye pini ya GPIO. Ni lazima iwe na transista katikati, la sivyo utaua pini. Baadaye angalia `vcgencmd get_throttled`. Ikisema 0x0 mambo ni shwari. Ikisema 0x50000, usihangaike na feni: umeme ulipungua, na ubao ukapunguza kasi kwa sababu hiyo. Badilisha chaja au waya.

## Mambo yakienda kombo

"Permission denied" hata kwa sudo. Umeandika `sudo echo 70 > faili`. Sudo hapo inaihusu echo tu, si ule mshale. Tumia `| sudo tee` kama nilivyoonyesha. Kama ulitumia tee na bado inakataa, faili hiyo ni ya kusoma tu.

"Invalid argument" ukibadilisha gavana. Umekosea jina lake au hayumo kwenye kerneli. Soma `available_policies`.

"No data available" ukisoma kanda ya iwlwifi. Wi-Fi imezimwa. Iwashe, usomaji utarudi.

Hakuna thermal_zone hata moja. Uko ndani ya mashine pepe kama VirtualBox. Joto linasomwa kwenye kompyuta mwenyeji.

Ujenzi unakwama ukilalamikia `canonical-certs.pem` au faili nyingine ya .pem. Usanidi ulionakili unataka vyeti vya watengenezaji wa usambazaji wako, nawe huna. Hutokea sana Ubuntu:

```
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
```

Kisha anza tena `make`.

Mashine inakataa kuwasha kerneli mpya, inataja "bad shim signature". Secure Boot imewashwa na kerneli yako haina sahihi. Izime kwenye mipangilio ya UEFI, au ujifunze kuitia sahihi kerneli yako.

Skrini nyeusi baada ya kuwasha. Washa upya, kwenye GRUB chagua Advanced options, ingia na kerneli ya zamani. Ukiwa ndani, linganisha usanidi wa zamani na mpya kwa `scripts/diffconfig` uone ulichozima.

Feni inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Nyuzi za kuwaka na za kuzima zimekaribiana mno. Tazama `trip_point_*_hyst` ya kanda hiyo: ikiwa ni 0, feni inazima pale pale ilipowakia. Ikiandikika, weka 5000, yaani nyuzi 5. Isipoandikika, mwondoe `bang_bang` urudi kwa `step_wise`.

Kila kitu umefanya na joto halijashuka hata kidogo. Weka kiganja kwenye tundu la hewa mashine ikiwa na mzigo. Feni inasikika lakini hewa inayotoka ni kidogo na baridi, ilhali `sensors` inasema 95? Joto halihami kutoka prosesa kwenda kwenye bamba la kupozea. Tafuta bisibisi na pesti mpya.